Jeancy Anaitwa kwa Maji ya Wengine

Mukae vizuri, ju hii habari mutu hasikilize akiwa mulangoni na mufuko kwa mukono. Ilitokea hapa kwetu Kisangani, na ilianza na mafuta ya moto.

Bibiche alikuwa anakaanga beignets, ile mandazi ya hapa kwetu, mbele ya nyumba yao, kule karibu na chute, pale mto inaanguka kwa mawe. Ile saa Chimène, binamu yake, mutoto ya tonton, akafika mbio, simu mbele ya uso kama mutu anafuata tochi. Chimène, ule binti, anaweza kosa sabuni, lakini kukosa mega ya internet? Jamais!

— Yaya, dada yangu, acha kwanza! Njoo uone batu! Bako na chute kama yetu, lakini ya kwao imevaa bijoux!

Bibiche akacheka, akainama kwa simu. Ilikuwa video ya parc moja ya watalii, kule République Dominicaine, kwa visiwa ya Caraïbes. Parc inaitwa La Voz del Agua, maana yake Sauti ya Maji. Kulikuwa tukabine twa vioo tunatembea juu ya kamba ya chuma, wazungu ndani yake na kofia na jus ya nanasi, banapita mbele ya maji kubwa yenye inaanguka nyeupe peee. Musique ilikuwa inapiga. Kisha musique ikanyamaza. Kisha, ndani ya mawe, voix, sauti ya mwanamuke, ikatoka:

— Jeancy ee! Jeancy wa mama! Lituma yako inapoa. Nani atakula lituma yako? Jeancy ee, rudia njia yenye ulipitia!

Mwiko ikaanguka ndani ya mafuta.

— Yaya, Chimène akasema pole pole. Hii si… hii ni weye.

Ilikuwa yeye. Ilikuwa koo yake, Kiswahili yake, na Jeancy alikuwa leki yake, mudogo wake wa tumbo moja. Bibiche akabamiza simu kwa kifua ili inyamaze, lakini mama yake, mama Fortunée, alisikia toka ndani.

— Nani ametaja jina ya mutoto yangu?

— Hakuna mutu, mama. Ni simu tu.

Hapa lazima nieleze, ju mwenye hakuzaliwa kando ya chute hatajua juu ya nini Bibiche alificha ile simu. Jeancy alipanda kwa ile miti mikubwa yenye bapapa wetu banasimamisha ndani ya maji ili kufunga mitego ya samaki. Maji ilikuwa juu. Kamba ikakatika. Mto ikamubeba, na mwili haikuonekana.

Sasa, kwa jamaa yao, mto ikibeba mutu na ikatae kumurudisha, dada yake njo anaenda kusimama kwa jiwe na kumuita. Anamuita na jina yake, na jina ya mapenzi, na chakula yenye aliacha, kama ile lituma ya ndizi. Na batu yote kwa kingo bananyamaza. Kabisa! Batoto banafungwa kinywa na mukono. Ju mutu mwingine akiitika, hata kwa bahati mbaya, ule mwenye maji ilibeba anasikia ile jibu na anasema: ah, kumbe nafasi yangu imeshikwa. Anasimama kule kule njiani. Harudi, hafiki. Jibu iko ya yeye peke yake, na jibu yake ni mwili kutoka ndani ya maji ili bamuzike. Banaita mara moja tu. Kisha banangoja.

Bibiche aliita. Balingoja. Lakini mto, yenye iko na tabia ya kurudisha batu kule chini, upande wa Yanonge, ao hata Isangi, haikurudisha kitu. Mama Fortunée akaanza kushuka kila asubuhi kuuliza mitumbwi yenye inapanda. "Hamukuona mutoto yangu?" Kisha akaanza kutafuta nani aliitika ile siku. Alimushuku jirani mwenye alikohoa. Alimushuku Chimène, eti alipiga chafya! Chimène aliapa mpaka akalamba udongo.

Na ile siku, kwa kingo, kulikuwa mutu moja alikuwa na simu juu: Guelord. Fiancé, muchumba ya Bibiche. Yeye iko na kastudio ka montage kule Kabondo, kenye pazia nyekundu, anafilmaka ndoa ya batu. Bibiche alimuona, akamuuliza: "Unafanya nini?" Guelord akajibu: "Chérie, ni souvenir ya leki yako. Kama hautaki, nafuta." Akafuta mbele ya macho yake. Kwa matanga, Guelord alilala kwa mukeka inje na banaume ya jamaa, akachota maji, akapika chai. Hata kisha matanga, kila asubuhi yenye alikuwa na nafasi, alikuwa anamubebea mama Fortunée kiti mpaka kwa kingo, mama akae vizuri akingoja mitumbwi. Mama akasema: "Mungu alininyanganya mutoto, akanipa Guelord."

Bon. Sasa munaelewa juu ya nini mwiko ilianguka ndani ya mafuta.

Bibiche aliachia Chimène beignets, akaomba ile video kwa simu yake, akapanda toleka, akakaa kwa coussin nyuma ya baiskeli.

— Papa, Kabondo. Kimbiza!

— Mama, hii ni baiskeli, haiko avion, papa wa toleka akasema. Lakini akakimbiza, ju aliona uso yake.

Guelord alikuwa mbele ya ordinateur, anakata video ya ndoa ya batu. Bibiche hakusalimia. Akafungua simu, akaweka voix ipige ndani ya ile kachumba. *Jeancy ee! Jeancy wa mama!*

Guelord akasimama mara moja, kiti ikaanguka.

— Hii… hii balitoa wapi?

— Weye njo uniambie. Ulisema ulifuta.

— Nilifuta! Bibi, naapa kwa kaburi ya papa yangu! Lakini unakumbuka vile écran ya simu yangu ilipasuka? Niliipeleka kwa ule fundi wa soko. Ile banyama, banachota kila kitu ndani ya simu ya batu! Hata yenye umefuta banaitoa! Ah, Bibi… voix yako! Jeancy wetu!

Na akalia. Machozi ya kweli, sidanganye! Akakaa chini kwa ciment, akaweka kichwa kwa magoti, mabega inaruka. Na Bibiche, mwenye alikuja na moto kwa tumbo, akajikuta amechuchumaa, anamupanguza macho na kitambaa ya pagne yake. Munaona? Yeye njo banaumiza, na yeye njo anabembeleza!

— Nitaenda kumuvunja vidole, ule fundi.

— Acha, Guelord. Tutafute tu namna batoe ile kitu.

— Nitaandikia batu ya parc. Uniachie. Na weye, Bibi, usiangalie tena ile video. Itakuumiza bure.

Kwa njia ya kurudi, Bibiche alisema ndani ya roho: ananipenda, hataki niumie.

Alikuta Chimène amekula beignets nusu.

— Yaya, uliangalia mpaka mwisho?

— Guelord amesema nisiangalie.

— Guelord iko nani? Ministre ya macho yako? Leta!

Balijificha nyuma ya nyumba, kichwa kwa kichwa, simu katikati. Kisha voix kuita, guide moja ya parc, kijana na kofia ya majani na micro, akainua mukono kama chef wa chorale. Akasema kitu na lugha ya kwao, akacheka. Voix ikaita tena: *Jeancy ee!*

Na kabine muzima, bamama na bapapa na batoto na jus ya nanasi, bakapiga kelele:

— NIKO! NIKOOO!

Bakacheka, bakapiga makofi. Kabine ya nyuma ikaitika nayo: Niko! Na ingine. Na ingine!

Chimène akaweka mukono kwa kinywa. Bibiche akarudisha video nyuma, akasikiliza tena. Kwanza hakuelewa. Kisha akaelewa. *Niko*. Kiswahili. Kwa kinywa ya batu ya kule! Ndani ya kilio yake hakuna pahali alisema niko. Fundi wa soko anaweza kuiba sauti. Anaweza kuiba picha, numéro, hata code. Lakini nani alimuambia kama ule mwenye kuitwa anajibuka, na neno gani?

Akakumbuka. Siku moja kisha matanga, yeye na Guelord balikaa kwa jiwe, banamenya kalanga. Guelord aliuliza juu ya nini batu yote balinyamaza vile. Na Bibiche, ju ya mapenzi, alimueleza yenye hakuna mutu wa inje anaelezwa: ule wa maji peke yake njo iko na ruhusa ya kusema "niko". Guelord aliuliza tena: "Na mutu mwingine akisema?" Alimueleza ile pia. Guelord alisikiliza na macho kubwa, akamushika mukono, akasema: "Ni muzito, Bibi. Ni muzito sana."

— Mimi nililamba udongo, Chimène akasema. Ju ya chafya! Na kumbe banaitika huku na micro!

Balifungua page ya parc, pale wageni banaachaka avis, maoni yao. Mamaaa! Batu balikuwa bameandika vile mutu anaandika juu ya restaurant. Moja alisema: "Watoto wetu bamejibu Niko mpaka koo ikakauka, nyota tano." Mwingine: "Voix inatia baridi kwa mugongo, lakini file ya kungoja ni murefu na maji ya kunywa ni bei." Mwingine alishauri, mwenye kizunguzungu akae upande ya mulima. Bibi moja wa Canada aliandika kama copain yake alimuomba ndoa pale pale ndani ya kabine, "saa ile sauti nzuri inaimba", na aliweka photo ya pete. Chimène alikuwa anasoma Kifaransa na sauti, anatafsiri ingine na simu. Bibiche alikuwa anasikia kama mutu anapigwa na mawe ndogo ndogo.

Halafu bakafika kwa avis moja yenye haikukuwa na nyota. Mwenye aliandika anaitwa Yolande. "Mimi ni mutu wa Haïti, nauzisha nazi hapa kwa mulango ya parc. Nasikia ile mwanamuke tangu asubuhi mpaka banafunga. Haimbi. Anatafuta mutu. Mwenye anamujua amuambie."

Bibiche akabonyeza jina yake, akaandika na vidole yenye inagonga ovyo: "Ile mwanamuke ni mimi."

Na jibu ikakuja, sikia hii, mbele hata Chimène apumue: "Dada. Yule Jeancy, balimupata?"

"Hapana."

"Basi batu baache kujibu. Hata kwetu tunajua ile. Hawajibuki kwa nafasi ya mutu."

Bibiche akalia ile saa tu, ju ya mutu hajamuona na macho.

Asubuhi yake alirudi kwa kastudio. Ile mara alikuwa pole. Pole, njo ilikuwa mubaya zaidi.

— Guelord. Niko. Nani alibafundisha kusema niko?

Guelord alifungua kinywa, labda ile uongo ya fundi wa soko ilikuwa bado ndani yake, lakini aliangalia Bibiche na akafunga. Akavuta pazia nyekundu ili batu ya njia basisikie.

— Bibi, usikie kwanza. Nilitia kakipande kwa page yangu. Kakipande tu! Patron ya parc akakaona. Akaniuliza, hii ni nini? Nikamueleza. Akasema, ah, ni beau, wageni baweze kujibu? Banajibuka nini? Bon… nikasema.

— Ulisema.

— Alinilipa, na nilifanya juu ya ndoa yetu! Ungetaka nikuoe na nini? Na ile pazia?

— Kwa hiyo posa yangu ungeleta na kilio yangu.

— Bibi, ni son! Ni sauti ya machine, ni son tu! Inatoka ndani ya baffle, mutu anazima na bouton! Maji ya kule haijui Jeancy. Haya yote ni mambo ya bakoko, ya wazee wa zamani, weye umesoma, mimi nimesoma…

— Mama yangu anamushuku Chimène ju ya chafya. Na weye unamubebea kiti! Unakaa kando yake! Anauliza mitumbwi, na weye unasikia!

Guelord akaangalia chini. Hakukuwa na machozi ile mara.

— Batoe, Bibiche akasema.

— Niliandika jana, naapa. Hii ni kweli, angalia. Patron amesema wageni banakuja ju ya ile voix. Hawezi kuacha maji kimya. Lakini… akipata ingine ya namna ile, atabadilisha leo leo. Ya Jeancy itatoka. Kabisa kabisa.

— Ingine ya namna gani?

— Weye tu. Dakika moja. Unaita jina yoyote, ya uongo, ya hewa. Tunatuma, Jeancy anakuwa libre, anaachiliwa. Na tusimame kwa lile jiwe, ju pale maji inasikika vizuri.

Jameni! Aliisema na macho yenye inaanza kuwaka. Alikuwa tayari anatafuta micro ndani ya tiroir, anapuliza vumbi juu yake. Mbele yake mwanamuke anakufa, na yeye anapima batterie.

— Jina yoyote? Bibiche akauliza.

— Yoyote, chérie.

Balienda. Jua ilikuwa juu, mbali kidogo banaume bako juu ya miti banavuta mitego, banapigiana kelele na matusi yao ya kila siku. Guelord akasimama nyuma, mbali na pale maji inarusha, ju ya viatu yake. Akanyoosha simu. Akahesabu na vidole. Bibiche akapanda jiwe. Akafunga pagne vizuri. Na akaita, na ile ile koo, toka kule kule chini ya mbavu:

— Guelord ee! Guelord wa mama! Makayabu yako inapoa! Nani atakula makayabu yako? Guelord mwenye pazia nyekundu, rudia njia yenye ulipitia!

Banaume kwa miti bakanyamaza. Bote. Moja akavua kofia.

— Coupe! Kata! Guelord akapiga kelele. Hapana, hapana, Bibi! Si jina yangu! Mimi ni…

Na akabamiza mukono kwa kinywa yake. Karibu aseme! Karibu aitike! Alisimama pale, macho imetoka, mukono kwa kinywa, simu bado inafilma.

Bibiche akashuka pole pole.

— Ulisema yoyote.

— Ita mwingine! Ita… ita Albert, ita jina ya muzungu, ita mbuzi!

— Unaogopa nini, Guelord? Ni son tu. Inatoka ndani ya baffle. Maji ya kule haikujui.

Guelord akarudi hatua moja nyuma, mbali na maji. Jasho ilikuwa inashuka kwa shingo yake. Na pale, kwa ile jasho, Bibiche aliona yenye hakutaka kuona. Njia muzima alikuwa amejiambia: labda yeye haamini, labda kwake ni hadisi ya bakoko tu. Mutu mwenye haamini anakosa kwa ujinga, na ujinga mutu anasamehe. Kumbe Guelord anaamini. Aliamini siku ya kalanga, aliamini siku ya kutuma. Alijua anafungia Jeancy njia, na akafunga.

Bibiche akachukua simu kwa mukono ya Guelord, akarudi nayo kwa jiwe. Guelord hakumunyanganya, ju angelazimika kusogea karibu na maji. Akatafuta jina ya patron, akatuma ile kilio ya Guelord. Akangoja mpaka alama ikageuka bleu. Kisha akafuta Jeancy, pahali yote alimukuta, akamurudishia Guelord simu yake vizuri, na mikono mbili, kama vile tunarudisha kitu ya mutu wa inje.

Yolande aliandika ile ile wiki: "Dada, bamebadilisha. Sasa banajibu ya Guelord. Huyu naye ni leki yako?" Bibiche akaandika: "Hapana." Akafikiri, akaongeza: "Usimusikitikie. Uzisha nazi yako."

Na Guelord! Alikuwa na contrat ya ndoa kubwa kule Lubunga, ng'ambo ya mto. Batu balimuona kwa beach, pale mitumbwi inavukisha batu, sac ya caméra kwa bega, mutumbwi moja inaenda, ya pili inaenda, yeye amesimama. "Papa photo, unapanda ao haupandi?" Hakupanda. Ndoa ikapita bila yeye. Alipiga simu kwa Bibiche, Bibiche hakupokea. Njo akaamua kuja kwa mama Fortunée.

Alimukuta mama amekaa inje, Bibiche na Chimène kando yake, banasafisha mihogo. Bibiche alikuwa amemuambia mama yote, tangu mafuta mpaka jiwe. Mama alikuwa amemuendea Chimène mbele ya baba yake, kumuomba pardon na kuku mukononi. Guelord hakujua ile yote. Akapiga magoti.

— Mama, uambie Bibiche anitoe kule, kwa ile maji ya parc. Silale tena. Mama, mimi ni mutoto yako.

Mama Fortunée akaweka kisu. Hakukasirika. Nilifikiri, na mutu yote angefikiri, kama angemurushia mihogo! Lakini akamuangalia tu, murefu, vile anaangaliaka mitumbwi.

— Guelord, mutoto yangu. Ulikuwa unanibebea kiti. Unaiweka pale, unaipanguza, unakaa kando yangu. Mimi nauliza batu: hamukuona mutoto yangu? Nauliza, na weye uko pale, bega yako kwa bega yangu. Niambie tu kitu moja, sitauliza ingine. Ile saa, ndani ya kichwa yako, ulikuwa unawaza nini?

Guelord akaangalia Bibiche, akaangalia mikono yake. Na mama akangoja, ju kungoja anajua, anangojaka kuliko batu yote ya hii mji, mpaka Guelord mwenyewe akasimama, akapanguza magoti, akaenda.

Kule chini mutumbwi moja ilikuwa inapanda toka Yanonge, na mizigo ya ndizi. Mama Fortunée akafunga kitambaa kwa kichwa, akashuka kuuliza.